Haki za Bin Adam

Mie si mgomvi. Muulize yeyote katika soko la Jumatano hapa Ibra, soko letu la wanawake ambalo mwanamume hatii mguu, atakwambia Bi Fakhriya anauza kofia zake na udi wake, na hata akipunjwa hucheka. Lakini jina langu sipunjwi. Mie ni Fakhriya binti Zuhair. Mwaka wa tisini na nane, mwezi wa Shaaban, alitokea mtu akasema hajui kama mie ni binti Zuhair, wala hajui nilikotoka. Na mtu mwenyewe nimemfuta kamasi kwa kanga yangu.

Ngoja nieleze taratibu, maana nikianza na hasira sitafika popote.

Nilikuwa na dada Tabora, Zaituni, tumechangia mama. Mama yetu alikuwa Mmanyema. Mume wake wa kwanza alimzalisha Zaituni akafa, ndipo akaolewa na baba yangu, Mwarabu wa Ibra aliyefungua duka Tabora, nikazaliwa mie. Mwaka huo Zaituni aliniandikia barua kwa mkono wa jirani. Alisema jicho moja limekwisha kufunga kwa mtoto wa jicho na la pili linafuata, na kama nataka anione basi nije kabla halijafunga nalo. Niliisoma barua ile sokoni, nikafunga duka asubuhi ile ile.

Nikataka pasi ya kusafiria. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nilipokuja Oman mwaka wa sabini na nne niliandikwa ndani ya pasi ya mume wangu, kama vile sanduku lake, na mume wangu alipofariki pasi ikafa naye. Sasa nilipewa fomu ya peke yangu. Jina, jina la baba, la babu, kabila, na chini shahidi mmoja, mwanamume wa upande wa baba. Mwanangu hafai, yeye ni wa kabila la baba yake. Kwa upande wa baba yangu, Ibra nzima, alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Humaid, mtoto wa ami yangu.

Humaid huyu nimemlea mie. Mama yake alikufa Tabora yeye ana miaka miwili, na ami akamleta kwetu. Mie nilikuwa na miaka minane. Nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, nikamchana, nikamfundisha kula kwa mkono wa kulia. Kichwani alikuwa na kishungi cha nywele ambacho mama yangu hakutaka kinyolewe, basi tukamwita Kishungi. Na baba alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: mkubwa akikuita huulizi "nini", husemi "ee", unasema "naam" na umekwisha kusimama. Sheria hiyo Humaid nilimfundisha mie, kwa kijiko cha uji. Namwita, asipoitika "naam, dada", uji hapati. Kwa siku tatu alilia, siku ya nne akaitika kabla sijamaliza kumwita.

Alipofika miaka tisa, ami akamchukua wakarudi Oman. Mie nikapelekwa Unguja kwa shangazi, nikasoma huko, nikaolewa huko, na ulimi wangu ukawa wa huko mpaka leo. Tulipokutana tena Ibra, yeye alikuwa bwana mkubwa, ana joho na jambia ya fedha. Nilimpa mkono nikamwambia, mdogo wangu, umekua. Akanijibu kwa Kiarabu cha watu wageni. Miaka ishirini na minne tukikutana matangani na harusini, ananiita "ya hurma", ewe mwanamke, kana kwamba ananiuliza bei ya vitunguu. Nikanyamaza. Nilijua haya zake zinatoka wapi, maana si yeye peke yake huku aliyeiacha Afrika bandarini akasema hajawahi kuiona.

Basi nikaenda kwake na fomu yangu na bakuli la halua. Hakunikaribisha ndani. Tulisimama langoni, akanieleza kwa upole kuwa binti yake Abeer anafunga nikaha baada ya Idi, na wakwe ni watu wa kuulizauliza asili. Amewaambia nyumba yao haijatoka Ibra tangu babu wa babu. Akitia saini kuwa mie ni mtoto wa ami yake, wataniuliza nimezaliwa wapi, na kwa mama gani. Kwa hiyo yeye, asema, hanijui. Angenitukana ningerudi nimepoa. Alisema kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyonichoma. Halua yangu nikarudi nayo.

Wiki hiyo hiyo mjukuu wangu Wijdan, anayekaa na mie kwa kuwa baba yake anafanya kazi Maskati, alikuja na picha aliyoikata gazetini. Mwanamke wa Kizungu, mrefu, si mzuri wa sura, nguo yake ya kiutu uzima, ameshika kwa mikono miwili karatasi pana kama kitambaa cha meza. Nikauliza, huyu nani? Wijdan akanisomea. Alikuwa mke wa rais wa Amerika. Mumewe akafa vita vikiwa karibu kwisha, na watu wakadhani na yake yamekwisha, atakaa nyumbani avae nyeusi. Kumbe wakampa kamati ya mataifa, iandike haki za watu wote ulimwenguni, akawa ndiye mkuu wake. Mabwana wakubwa wa dunia wakabishana juu ya kila neno karibu miaka miwili, na yeye kawakalisha pale, hawatoki mpaka wamalize. Wakamaliza Paris, Disemba ya mwaka wa arubaini na nane. Sasa inatimia miaka hamsini, na mwalimu wao amewaambia kila msichana aandike bango.

Nikahesabu. Mwaka wa arubaini na nane mie nilikuwa Tabora, nina miaka kumi, Kishungi yuko mgongoni.

Nilimwambia Wijdan anisomee na hayo waliyoyaandika. Akanisomea kwa Kiarabu, moja baada ya moja, mie nashona kofia. Alipofika ile inayosema kila mtu, popote alipo, sheria imjue kuwa ni mtu, sindano ilinichoma kidole. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikasema, hii imeandikwa kwa ajili yangu, na yule bibi hakuwahi hata kuniona.

Wijdan alikuwa na jambo lake. Alitaka bango lake aliandike kwa Kiswahili, mwalimu akakataa, akasema Kiswahili lugha ya jikoni, andika Kiarabu au Kiingereza. Mie nikacheka. Nikamwambia andika, mwanangu, shule wasipolitaka nitalitundika sokoni, wenyewe wa majiko wote wako kule. Akaandika kwa herufi za Kiarabu, ili wazee wenzangu waweze kusoma. Lakini Kiswahili cha Wijdan ni cha kuchovya. Husema "kitabu yangu" na "nyumba kizuri", na neno asilolijua hulikata vipande aone lina nini ndani. Akaniuliza, binadamu ndiyo nini, Bibi? Nikamwambia, bin Adam, mtoto wa Adam. Basi naye kaandika hivyo hivyo, maneno mawili, kwa wino mwekundu, kila herufi kubwa kama sahani: Haki za Bin Adam.

Jumatano nikalitundika juu ya kofia zangu. Lo, siku ile sikuuza kitu. Hakuna aliyesoma asiulize huyu Bin Adam ni nani, na haki zake amezichukua nani. Maana huku Adam kwanza ni mji, uko kule Dakhiliya kwenye ukingo wa jangwa, watu wake ni wa tende na mifugo. Palikuwa na mama mmoja wa huko amekuja kuuza samli, akasimama mbele ya bango, mikono kiunoni, akasema alhamdulillahi, hatimaye kuna mtu amewakumbuka watu wa Adam. Nikajaribu kumweleza kuwa ni Nabii Adam, baba yetu sote, mie na yeye na yule Mzungu wa kwenye picha. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo, lakini mji ni wetu. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mke wa Humaid alikuwepo, anachagua ubani. Yeye hakucheka. Habari akazifikisha nyumbani, na kesho yake jawabu likanirudia kwa kinywa cha watu watatu, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Humaid kasema, yule mwanamke akitaka haki za Bin Adam aende Adam akazidai, hapa Ibra hana haki na hana watu.

Nilikaa na neno hilo Alhamisi na Ijumaa yote. Jumamosi nikavaa buibui langu jipya, nikaikunja picha ya yule bibi nikaitia mkobani, nikaenda ofisi ya pasi pamoja na Wijdan. Palipoandikwa kabila nilijaza kwa mkono wangu: Bint Adam. Liwalo na liwe. Waniambie kama ni uongo.

Karani alikuwa kijana mmoja, Nadhir, ana ndevu changa na adabu ya kwao. Aliisoma fomu, akainua uso unameta, akaniita khala, mama mdogo, akaniuliza, wewe wa kwetu? Wa Adam? Kumbe kijana mwenyewe kazaliwa Adam. Nikamweleza kisa chote, tangu Tabora mpaka langoni kwa Humaid. Alinisikiliza kalamu chini. Halafu akainama, akasema taratibu, kwa wema kabisa, kuwa jambo hili ni dogo. Babu yake mzee wa watu kule Adam, anajua wajane wengi waliopotelewa na jamaa zao. Atanishuhudia kuwa ni wa kwao, fomu itapita, na kabla ya Ramadhani nitakuwa na pasi yangu mkononi. Nani ataniuliza?

Nilimwona Zaituni amekaa kibarazani, uso ameuelekeza njiani. Wijdan naye ananivuta mkono, ananinong'oneza, Bibi kubali, jina tu hilo, nenda kamwone dada yako. Nami nilikuwa karibu kukubali. Sitasema uongo, mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

Lakini nikafikiri. Nitafika Tabora na pasi inayosema mie ni mtoto wa watu wengine. Na baba yangu, aliyekufa akiwa amenishika mkono, nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa saini yangu. Humaid amenikana, mie nimsaidie? Wenyewe walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Na ule mkoba ulikuwa mapajani pangu, na ndani yake yule bibi na karatasi lake. Asingekaa na mabwana wale muda wote ule kugombea neno moja moja kama neno halina kazi. Nikamwambia Nadhir, Mungu amlipe babu yako, lakini mie nina wangu. Mwite Humaid. Aje anikane hapa, mbele ya sheria, si langoni kwake.

Nadhir akanitahadharisha. Humaid akisema hanijui mbele yake, itabidi yeye aandike hivyo, na ikishaandikwa haifutiki. Hata mlango wa Adam utakuwa umefungwa. Nikamwambia, andika utakalosikia, mwanangu, hilo tu nakuomba.

Humaid aliitikia wito Jumatatu. Aliingia na joho lake na harufu ya udi, ambao pengine ni udi wangu mwenyewe mkewe kaununua. Hakunitazama. Mie na Wijdan tulikuwa tumekaa kwenye benchi la ukutani, nyuma yake, na yeye akasimama mbele ya meza. Watu wengine walikuwemo, kiasi cha sita au saba, kila mmoja na karatasi zake, na wote masikio yamesimama. Nadhir akamuuliza kama anamjua mwanamke huyu. Akasema hamjui. Kama ami yake alikuwa na binti. Akasema hana habari. Kama yeye mwenyewe alipata kukaa Afrika. Hapo akacheka kidogo, akasema yeye ni mtu wa Ibra, na wanawake wengi wamekuja kutoka huko, kila mmoja anatafuta ukoo wa kujibandika, na masikini lazima tuwahurumie. Akaulizwa kama anajua Kiswahili. Akasema hata neno moja.

Nadhir akavuta pumzi, akashika kalamu. Wijdan akaanza kulia.

Mie nilikuwa nimejitayarisha kusema mengi. Nilikuwa na tarehe, majina ya majirani, jina la mtaa, namba ya kaburi la mama yake ambalo nililipalilia mie. Nilikuwa nimepanga nimwambie mwacha asili ni mtumwa. Yote yakanitoka. Nikaiona ile shingo yake. Imenona, imeingia mvi, lakini ni ile ile, na lile baka jeusi chini ya sikio nililokuwa nikilisugua kwa sabuni nikidhani ni uchafu. Na hasira yangu yote ikawa ile ya zamani, ya mtoto aliyeachiwa mtoto. Nikavuta sauti kama mama alivyokuwa akivuta, kutoka uani mpaka barabarani:

"We Kishungi!"

"Naam, dada!"

Alikuwa amekwisha kunigeukia. Mikono ameinyoosha chini, visigino vimekutana, kidevu juu, mzee wa miaka hamsini na minne, joho limemteleza bega moja. Wallahi nadhani hata yeye hakujua kama kasema. Alinitazama mie, na mie nikamtazama, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na Ibra wala wakwe. Kisha nikaiona damu ikimpanda usoni.

Nadhir alikuwa hajui Kiswahili. Akaiweka kalamu, akaniuliza mie, bwana amesema nini? Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nalo jawabu mdomoni, tamu kama asali, lakini sikulitoa.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Yeye ndiye aliyesema."

Akamuuliza. Humaid akalivuta joho lake begani. Akalivuta tena. Angeweza kusema uongo mwingine, maana pale ndani aliyejua lugha ni mie na Wijdan tu, na sisi tusingesadikiwa. Nilikuwa tayari kuusikia. Lakini akasema kwa Kiarabu, sauti ndogo, "Nimesema: ndiyo, dada yangu."

Nadhir aliigeuza fomu upande wa Humaid, akampa kalamu, naye akatia saini. Kisha Nadhir akanirudishia mie nilifute lile la Bint Adam, niandike kabila langu. Nikaandika kabila la baba yangu, herufi kwa herufi, lakini lile jingine sikulifuta. Nikamwambia liache hapo hapo, si uongo. Nadhir akasema fomu haitaki maneno mawili. Nikamwambia basi fomu ijifunze. Tukavutana kidogo, mwisho kalipiga mstari mmoja mwembamba ambao hata hauzuii kusoma.

Nje, Humaid alinisubiri chini ya kivuli cha ukuta. Wijdan alitaka tupite, nikamwambia tusimame. Humaid akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kilichoshika kutu, cha mtoto wa miaka tisa, kwamba niende kwa salama nikamsalimie da Zaituni. Machozi yalikuwa karibu, yake na yangu. Halafu, kwa kuwa mtu haachi tabia kwa siku moja, akarudi kwenye Kiarabu akaniuliza kama nitakuja kwenye nikaha ya Abeer. Na kama nitakuja, wale wakwe, wakiniuliza mie ni nani kwake, nitawajibu nini.

Nikamfunga kifungo cha kanzu yake kilichofunguka shingoni.

"Nitakuja," nikamwambia. "Na wakiniuliza, sitawajibu kitu. Nitakuita tu."